James, Jaime, Jacobo: Nani mwenye kauli juu ya jina la mtu?

Katika fainali za Kombe la Dunia zilizoandaliwa Brazil mwaka 2014, kijana wa Colombia aliyevalia jezi nambari 10 aliibuka mfungaji bora kwa mabao 6. Mgongoni jezi yake ilisoma "James". Mashabiki wengi wa hapa kwetu walilitamka jina hilo jinsi wanavyomwita jirani, mwalimu au mjomba: "Jemsi". Watangazaji wa Kiingereza, ambao ndio wenye jina, wao walikuwa wakisema "Hames". Mwanafunzi wangu mmoja alinijia Jumatatu akiwa amekereka. "Mwalimu, hawa Waingereza wameanza lini kuharibu jina lao wenyewe?"

Nililipenda swali hilo. Jibu lake fupi ni kwamba hakuna aliyeharibu kitu. James Rodríguez ana jina lililotoka kwa Waingereza likafika Colombia kwa njia ya macho: watu waliliona limeandikwa, wakaliazima na herufi zake zote, kisha wakalisoma kwa kanuni za Kihispania. Yeye mwenyewe ndivyo anavyoitwa kwao. Kwa hiyo mtangazaji wa London anayesema "Hames" anamfuata mwenye jina. Jibu refu ni historia ya karne nyingi, na ndiyo ninayokusudia kuieleza leo, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo sisi waandishi, walimu na makarani hukutana nalo kila siku: jina la mtu likivuka mpaka wa lugha, nani ana haki ya kulibadilisha?

Kwanza sauti, maana bila sauti hatutaelewana. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o na u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Herufi j, pamoja na g inapotangulia e au i, hutoa sauti ya "kh", ile ya sheikh na Khamisi wanavyotamka watu wa mwambao. Hiyo ndiyo sauti utakayoisikia Madrid katika Jorge na Javier. Katika maeneo mengi ya Colombia na Karibi huwa nyepesi, ikakaribia "h" yetu. Herufi h yenyewe haitamkwi kabisa. Herufi ñ ni "ny" ya nyumba, na ll katika sehemu nyingi ni "y" ya yai. Basi "James" kwa Mkolombia ni silabi mbili, "Ha-mes". Ile e ambayo Mwingereza huiandika bila kuitamka imepata uhai. Nathubutu kusema kwamba mtoto wa Lamu akielekezwa kwa dakika kumi atayasoma majina ya kikosi kizima cha Uhispania vizuri kuliko watangazaji wengi wa Ulaya Kaskazini.

Sasa tuliangalie jina lenyewe. Chimbuko la James ni Yakobo wa Kiebrania, lililopitia Kigiriki na kuingia katika Kilatini kama Iacobus. Kilatini cha mitaani kikawa na umbo jingine, Iacomus, ambalo kwa mkondo wa Kifaransa cha kale liliwapa Waingereza James. Umbo la kitabuni likawapa Jacob. Ndiyo maana Biblia ya Kiingereza ina Jacob katika Agano la Kale na James katika Agano Jipya, kana kwamba ni majina mawili, ilhali sisi katika Biblia ya Kiswahili tuna Yakobo mwanawe Isaka na Yakobo mwanawe Zebedayo, na hakuna anayetatizika.

Wahispania nao walilipasua jina hilo vipande vingi zaidi. Wana Jacobo, wana Jaime, na wana Santiago, ambalo ni neno "mtakatifu" lililogandana na Yago, umbo lao la kale la Yakobo. Wengi huongeza Diego katika ukoo huo, ingawa wapo wataalamu wanaolitafutia Diego asili nyingine. Tazama basi matokeo yake. Mfalme James wa Kwanza, aliyerithi kiti cha Elizabeth mwaka 1603, katika vitabu vya historia vya Kihispania ni Jacobo I. Mfalme aliyeiteka Valencia mwaka 1238, ambaye Wahispania humwita Jaime I, katika vitabu vya Kiingereza ni James I wa Aragon. Mtume yuleyule ni Saint James akiwa London na Santiago akiwa Compostela. Mtafsiri anayekutana na "James I" katika kitabu cha Kiingereza lazima aulize kwanza ni James wa wapi, la sivyo atamtawaza mtu asiyehusika.

Kwa nini majina ya wafalme yalitafsiriwa? Kwa sababu kwa karne nyingi hakuna aliyeona kwamba yanatafsiriwa. Ulaya ya Magharibi ilikuwa na Kanisa moja na lugha moja ya maandishi, Kilatini. Padri alimbatiza mtoto kwa jina la mtakatifu, akaliandika katika kitabu cha ubatizo kwa Kilatini, na kila taifa likalitamka kwa mdomo wake. Ioannes alikuwa John kwa huyu na Juan kwa yule, kama vile maji ni maji hata yakiitwa vingine. Mwaka 1501 binti wa Uhispania, Catalina, alipowasili Uingereza kuolewa, aligeuka Catherine mara moja, na sijui kama kuna aliyemwomba radhi. Mwaka 1554 Felipe, mwana wa mfalme Carlos, alimwoa Malkia Mary katika kanisa kuu la Winchester, na kwa Waingereza akawa Philip. Harusi hiyo ilifanyika tarehe 25 Julai, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, yaani Santiago, msimamizi wa Uhispania. Jina letu halituachi.

Na kuna kichekesho ninachokipenda katika mambo hayo ya ndoa. Mama yake Catalina ni malkia ambaye Waingereza humwita Isabella. Kwa Kihispania ni Isabel, na Isabel ni umbo la Kihispania la Elizabeth. Sasa, Henry wa Nane alimwacha Catalina, akamwoa Anne Boleyn, na Anne akamzaa Elizabeth. Katika Kihispania mama wa mke aliyeachwa na binti wa mke aliyechukua nafasi yake wanaitwa jina moja, Isabel. Msomaji wa Kiingereza hawezi kuliona hilo, kwa kuwa mmoja ameandikwa Isabella na mwingine Elizabeth.

Majina ya ubini hayakuwa na bahati hiyo ya kutafsiriwa, kwa hivyo yaliachiwa masikio. Vita vya baharini vilipopamba moto katika karne ya 16, makarani wa Uhispania walilazimika kuandika majina ya maharamia wa Kiingereza jinsi walivyoyasikia. Francis Drake akawa Francisco Draque, au "el Draque" tu. John Hawkins akawa Juan Aquines. Walter Raleigh, maskini, akawa Guatarral. Ukilitamka hilo la mwisho polepole utamsikia Walter na Raleigh wamekumbatiana ndani yake. Katika jina la Drake, isitoshe, Wahispania walisikia neno la Kilatini la joka, na mshairi Lope de Vega alitunga utenzi mzima dhidi yake, *La Dragontea*, uliochapishwa mwaka 1598, miaka miwili baada ya Drake kufa. Huko jina lilikuwa limevuka kazi ya kumtaja mtu, likawa silaha.

Waingereza nao walikuwa na tabia yao, ya kutazama herufi na kuzisoma Kiingereza. Cervantes alipochapisha riwaya yake mwaka 1605, herufi x katika Kihispania ilikuwa bado inabeba kumbukumbu ya sauti "sh". Quixote lilikuwa karibu na "Kishote", na Wafaransa na Waitaliano wamelihifadhi hivyo mpaka leo: Quichotte, Chisciotte. Sauti hiyo ilikuwa njiani kuhamia "kh", na hatimaye mwaka 1815 Akademia ya Kifalme ya Kihispania ikaamua sauti ya "kh" iandikwe kwa j, ndipo Quixote akawa Quijote na Xavier akawa Javier. Nchi ya Mexico ilikataa kuiacha x yake, na ndiyo maana wenyewe wanaandika x na kutamka "Mekhiko". Mwingereza hakujali mabadiliko yoyote kati ya haya. Alishaipata tafsiri ya Thomas Shelton tangu 1612, akaiona x, akasema "Kwiksot", na kutokana na hilo akaunda kivumishi cha mtu anayefukuzia ndoto zisizowezekana. Byron naye, alipoanza kuchapisha *Don Juan* mwaka 1819, alipanga vina kwa namna ambayo msomaji analazimika kusema "Juu-an". Byron alikuwa amefika Uhispania, na hawezi kuwa hakujua Wahispania wanavyosema. Alikusudia.

Xavier huyo, kwa njia, si mgeni kwetu. Ni Fransisko Xavier, mzaliwa wa Navarra, aliyetia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Sasa sikiliza watu wanaolitaja jina lake Nairobi: wengi husema "Zevia", matamshi ya Kiingereza, ya mtu ambaye hakuwa Mwingereza na hakuja kwetu kwa meli ya Kiingereza.

Tufike katika sehemu ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ile ya wahamiaji. Hapa jina halibadilishwi na mwanahistoria aliyeketi mezani. Linabadilika likiwa juu ya mtu aliye hai. Ambrose Higgins alizaliwa Ireland, akaingia katika utumishi wa Uhispania, akawa Ambrosio O'Higgins, na mwishoni mwa karne ya 18 akateuliwa mwakilishi wa mfalme nchini Peru. Mwanawe Bernardo O'Higgins aliongoza ukombozi wa Chile na kuitawala kuanzia 1817 hadi 1823. Barabara kuu ya Santiago ina jina lake, na Wachile hawatamki h yake hata kidogo. William Brown, aliyezaliwa Ireland mwaka 1777, ndiye mwasisi wa jeshi la wanamaji la Argentina, na huko anaitwa Guillermo Brown. Hadi vilabu vya kandanda vimepewa jina lake. Ukimtazama leo Alexis Mac Allister wa Liverpool, bingwa wa dunia wa 2022, unatazama tawi la historia hiyohiyo: ubini uliotoka visiwa vile vya kaskazini, ukakaa Argentina vizazi kadhaa, ukarudi Uingereza ukiwa umebebwa na Mwargentina. Hata Jorge Luis Borges, bingwa wa nathari ya Kihispania, nyumbani aliitwa Georgie, kwa kuwa bibi yake mzaa baba alikuwa Mwingereza.

California ilipokuwa mkoa wa Mexico mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mfanyabiashara wa Kimarekani au Kiingereza aliyetaka uraia, ardhi na mke katika familia kubwa alibatizwa Mkatoliki, akapokea jina la Kihispania. William Hartnell akawa Guillermo Arnel. Jonathan Warner akawa Juan José, kwani Jonathan halikuwa na mwenzake aliyezoeleka. Benjamin Wilson akawa Don Benito. Hebu tulia hapo kwa Wilson. Benito si Benjamin; Benito ni Benedikto. Benjamin kwa Kihispania ni Benjamín, jina lipo. Lakini Benito lilikuwa jepesi mdomoni na lilianza kwa sauti ileile, nao wakampa, naye akalikubali, akaheshimika nalo. Mlima Wilson ulio juu ya Los Angeles, ambako katika miaka ya 1920 Edwin Hubble alitazama anga na kuthibitisha kwamba kuna galaksi nyingine nje ya yetu, umepewa jina la Don Benito huyo. Kule Texas, Stephen Austin alikuwa akitia sahihi yake kama Estevan.

Watu hawa walibadilishwa majina, naam. Ila walipata kitu, na walikuwa na kauli. Austin alijua anachokifanya alipoandika Estevan mbele ya maofisa wa Mexico. Tafsiri ya jina lake ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni mwa mwenyeji.

Kisha mlango ukageuzwa. Mwaka 1848, kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Mexico iliyoshindwa vitani iliikabidhi Marekani California na eneo kubwa la kusini-magharibi, pamoja na watu waliokuwamo. Katika karne iliyofuata, shule za eneo hilo zikawa kiwanda cha kubadilisha majina. Juan aliingia darasani asubuhi akatoka akiwa Johnny, María akawa Mary. Aliyeteseka zaidi ni Jesús. Jina hilo ni la kawaida kabisa kwa Wahispania, lakini walimu wa Kiprotestanti walishindwa kuita "Yesu, njoo ubaoni," wakamgeuza Jesse. Sisi tunaweza kuwaelewa walimu hao kidogo: sijakutana na Mkenya Mkristo aliyemwita mwanawe Yesu. Lakini jirani yake Mwislamu ana mtoto aitwaye Issa, nalo ni jina la Yesu huyohuyo, na hakuna anayeshtuka. Haya mambo ni ya mazoea, si ya imani.

Mwandishi Richard Rodriguez, katika kumbukumbu zake *Hunger of Memory* zilizotoka mwaka 1982, anasimulia siku yake ya kwanza katika shule ya watawa jijini Sacramento, jinsi alivyosikia jina lake likitamkwa kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza maishani. Sauti ile ilikuwa geni kwake. Ajabu ni kwamba Rodriguez si mlalamishi. Anatetea safari yake ya kuingia katika Kiingereza, na wengi wa jamii yake wamemkemea kwa hilo. Mimi sikubaliani naye katika mengi. Hata hivyo amenifundisha kwamba kumwuliza tu mtoto "jina lako limeandikwaje?" hakutoshi, kwani maandishi yanaweza kusalimika na jina likapotea katika sauti.

Burudani nayo ilikuwa na bei yake. Margarita Cansino aligeuka Rita Hayworth kwa msaada wa ubini wa mama yake. Richard Valenzuela alikatwa ubini katikati akawa Ritchie Valens, na kwa jina hilo mwaka 1958 akarekodi "La Bamba", wimbo wa Kihispania kutoka Mexico. Yaani wimbo uliruhusiwa kubaki na lugha yake, jina la mwimbaji likakataliwa.

Lakini tusidhani ubabe huu ni wa Waingereza na Wamarekani peke yao. Utawala wa Franco, kwa amri ya mwaka 1938, ulipiga marufuku majina yasiyo ya Kikastilia katika rajisi: Jordi wa Kikatalani alipaswa kuwa Jorge, Iñaki wa Kibaski akawa Ignacio. Lugha nyingine za Uhispania zilifunguliwa mlango mwaka 1977. Kwa majina ya nje ilichukua muda zaidi. Sheria ya rajisi ya 1957 ilikataza jina la kigeni lenye tafsiri iliyozoeleka, kwa hiyo mzazi aliyetaka mwanawe Mhispania aandikwe John alirudishwa nyumbani na Juan. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1994.

Kote huko Amerika ya Kusini, wazazi hawakungoja sheria za Madrid. Waliyachukua majina ya Kiingereza walivyotaka, tena mara nyingi wakachukua ubini na kuufanya jina la kwanza: Washington, Wilson, Nelson, Franklin. Mkenya hana haja ya kuelezwa hilo. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya ililetwa na Wilson Kiprugut, Tokyo, 1964. Ya kwanza ya Ecuador ililetwa na Jefferson Pérez, katika kutembea kwa kasi, Atlanta, 1996. Wengine wamelitengeneza upya jina hata katika tahajia: mchezaji Soteldo wa Venezuela ni Yeferson, na Colombia imejaa akina Jhon, h ikiwa imeruka mahali pake. Wapo wasomi wanaoyacheka majina haya. Mimi siyacheki. Jhon ni jina la Kikolombia, kama Wanjohi alivyo wa Nyeri, na mhariri anayelisahihisha kuwa John amefanya kosa.

Turejee kwa waliosoma. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 ungekuta katika maktaba za Kihispania vitabu vya Guillermo Shakespeare, Carlos Marx na Julio Verne. Verne amebaki Julio kwa wengi. Shakespeare amerudishiwa William wake. Kilichobadilika ni kwamba jina lilihama kutoka katika kitabu cha ubatizo likaingia katika pasipoti. Likawa mali ya mtu mmoja, pamoja na herufi zake. Othografia ya Kihispania ya mwaka 2010 inasema majina ya watu wa kigeni yaachwe yalivyo, isipokuwa ya makundi machache: mapapa, watu wa koo za kifalme, na wenyeji asilia wenye majina yanayobeba maana iliyo wazi, kama yule mkuu wa Walakota ambaye kwa Kiingereza ni Sitting Bull na kwa Kihispania Toro Sentado, yaani Fahali Aliyeketi.

Nimelitafakari sana kundi hilo la tatu. Mfalme na Papa hutafsiriwa kwa sababu ni wakubwa kiasi kwamba kila taifa linadai sehemu yao. Kwa nini Mlakota awekwe nao? Yeye alikuwa na jina, Tatanka Iyotake, kwa lugha ambayo hakuna karani aliyejisumbua kujifunza. Likatafsiriwa kwa Kiingereza, kisha Wahispania wakaitafsiri hiyo tafsiri. Hakuna aliyemwita Gladstone au Goldsmith kwa maana ya ubini wake.

Na hata miongoni mwa wafalme mizani haiko sawa. Charles alipokalia kiti mwaka 2022, magazeti ya Uhispania yalimwita Carlos III, ingawa Uhispania ilishakuwa na Carlos III wake katika karne ya 18, na mwanawe William ni Guillermo. Waingereza kwa upande wao waliacha desturi hiyo. Hawakumwita Juan Carlos "John Charles", wala Felipe VI, aliyetawazwa 2014, si Philip katika magazeti ya London. Yule wa 1554 alikuwa Philip. Huyu ni Felipe. Naona Waingereza wako sahihi zaidi hapa, na magazeti yetu ya Kiswahili yanafanya vyema kuandika Mfalme Charles badala ya kumsaka Karoli.

Papa ndiye amebaki wa kila mtu. Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 2025, ni Robert Prevost wa Chicago kwa kuzaliwa, na Mperu kwa uraia alioupata mwaka 2015 baada ya miaka mingi ya utume huko. Waumini wa Peru walimzoea kama Roberto. Nyaraka za Peru zikamwongezea kitu ambacho Marekani haikumpa: ubini wa mama yake, Martínez. Katika desturi ya Kihispania mtu hubeba ubini mara mbili, wa baba kwanza, kisha wa mama. Ndiyo maana mwandishi wa Colombia ni García Márquez, na anayemtafuta katika herufi M, au kuandika "riwaya za Márquez", amemfuta baba yake, akamwita kwa upande wa mama tu.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya wasomi wenye nafasi. Basi tazama alama ndogo tu iliyo juu ya herufi. Peña ni ubini wa Kihispania wenye maana ya mwamba. Ondoa kile kiwimbi juu ya n, ubaki na Pena, na jina sasa lina maana ya huzuni, au adhabu. Mwaka 1986 wapiga kura wa California walikifanya Kiingereza lugha rasmi ya jimbo, na ofisi za vizazi zikawa haziruhusu alama hizo kwenye vyeti. Jimbo ambalo jiji lake kubwa ni Los Angeles halikuweza kumwandika mtoto José kwa usahihi. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipitisha mswada wa kuziruhusu. Gavana Jerry Brown akaupigia kura ya turufu, akitaja gharama za kubadilisha mitambo na nyaraka. Nimeisikia sababu hiyo hata huku kwetu, kuhusu ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba: eti kompyuta haiwezi. Simu iliyo mfukoni mwa karani inaweza.

Ninapoandika makala haya namkumbuka mwigizaji Martin Sheen. Alizaliwa Ohio mwaka 1940, baba Mhispania, mama wa Ireland, akabatizwa Ramón Antonio Gerardo Estévez. Alipokwenda New York kutafuta kazi aliona jina hilo linamfungia milango, akajitungia la jukwaani. Baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Mwanawe mmoja alimfuata, akaliacha Carlos Estévez na kuwa Charlie Sheen. Mwingine aling'ang'ania jina la ukoo, naye ni Emilio Estevez. Baba mwenyewe hakuwahi kubadilisha chochote mahakamani. Kwenye cheti cha ndoa, leseni ya udereva na pasipoti yake ameendelea kuwa Ramón Estévez.